Uchambuzi wa kisa: Safari ya Italia iliyokwama kwenye maungio

Wasafiri ni wanne: mume, mke, mtoto wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 5. Wanataka likizo ya Oktoba nchini Italia: Roma siku nne, Florence tatu, Venice tatu. Wanatoka nje ya Ulaya, na pasipoti zao zinahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Kisa chenyewe ni cha mfano, lakini hakuna kosa ndani yake ambalo wapangaji wa safari hawalioni kila msimu. Tumekichagua kwa sababu kila kitu walichokilipia, ukikitazama peke yake, kilikuwa sawa. Ndege nzuri, hoteli safi, treni ya haraka. Tabu ilikuwa pale huduma moja inapomwachia msafiri aende mwenyewe kwenye nyingine.

Walianza na bei. Tiketi ya moja kwa moja hadi Roma ilionekana ghali, wakatafuta njia ya kuikata vipande viwili. Kipande cha kwanza kilikuwa tiketi ya kwenda na kurudi kati ya kwao na London, uwanja wa Heathrow. Cha pili kilikuwa cha kwenda na kurudi kati ya London na Roma kwa shirika la bei nafuu, ila kutokea uwanja wa Gatwick. Siku hiyo hiyo wakalipia hoteli ya Roma kwa bei isiyorudishwa, kwa kuwa ilikuwa na punguzo. Viza ilikuja baadaye kwenye orodha.

Kuna jambo dogo waliloligundua mapema, na ni vizuri kulitaja kwa sababu huwaangusha wengi. Tiketi ya kwanza iliandikwa 00:35, tarehe 4. Hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 4, kwa hiyo mtu anatoka nyumbani tarehe 3 jioni. Anayeagiza teksi ya "tarehe 4 usiku" anafika uwanjani ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Saa za tiketi nyingi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na huwa kwa majira ya mji husika, iwe pa kuondokea au pa kufikia.

Viza ya nchi wasiyoitembelea

Viza ya Schengen waliishughulikia vizuri. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho kwa kawaida ni siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka eneo la Schengen. Bima ya matibabu ifike angalau euro 30,000. Ada, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 hatozwi. Kwa hiyo wa miaka 5 alipita bure, na wa miaka 12 alilipa kama baba yake. Pasipoti za watoto ndizo za kuangaliwa kwanza, maana nchi nyingi huzipa muda mfupi kuliko za watu wazima.

Kilichosahaulika ni Uingereza. Haimo Schengen, na kutoka Heathrow kwenda Gatwick lazima upite uhamiaji, uchukue mizigo yako, utoke nje ya jengo na kusafiri barabarani. Machoni pa sheria umeingia Uingereza, hata kama utakaa saa nne tu. Wenye pasipoti zinazohitaji viza wanatakiwa kuwa na viza ya kupita, ile inayoruhusu kuvuka uhamiaji na kukaa hadi saa 48. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano wenye viza halali ya Marekani au Kanada, lakini viza ya Schengen ya matembezi mafupi haimo kwenye orodha hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba Ulaya ni Ulaya.

Familia hii iligundua wiki saba kabla ya safari. Ingegundua kaunta ya uwanja siku ya kuondoka, isingepanda ndege. Karani wa shirika huangalia nyaraka kwenye mfumo uitwao Timatic, na mfumo ukikataa hana namna, kwa kuwa shirika hutozwa faini likimbeba mtu asiye na ruhusa ya kuingia. Ikabidi waombe viza nne zaidi, zinazofunika kupita wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, kwa picha mpya, alama za vidole na ada. Sehemu kubwa ya akiba ya ile tiketi ya vipande viwili iliishia hapo, kabla hata hawajafunga begi.

Tunachosema kila mara ni kwamba orodha ya viza haianzi na nchi unayokwenda kutalii. Inaanza na kila ardhi ambayo mguu wako utaikanyaga nje ya eneo la abiria wa kupita.

Saa nne na dakika 45 ambazo hazikuwepo

Ndege ya kwanza ilipangwa kutua Heathrow saa 6:20 mchana. Ya pili iliondoka Gatwick saa 11:05 jioni. Kwenye karatasi nafasi ilikuwa saa nne na dakika 45, na ilionekana ya kutosha kabisa. Lakini mlango halisi haukuwa saa 11:05. Shirika hilo, kama mengi ya bei nafuu, hufunga kupokea mizigo dakika 40 kabla ya ndege kuondoka. Mwisho wao ulikuwa saa 10:25, hivyo dakika 285 zikawa 245.

Sasa toa kazi zenyewe. Kushuka ndege kubwa na kutembea hadi uhamiaji, dakika 20. Foleni ya uhamiaji kwa wenye viza, weka 60. Mizigo, 15. Kusubiri basi la kwenda Gatwick, 25. Barabarani, kama kilomita 65 na nyingi zikiwa kwenye barabara kuu ya M25 ambayo foleni yake haina ratiba, weka 80. Foleni ya kupokelea mizigo upande wa pili, 20. Jumla dakika 220. Zilibaki dakika 25, na hapo hakuna aliyechelewa, hakuna mtoto aliyetaka choo, na basi halikujaa.

Ndege ilichelewa saa moja na dakika 50. Si ajabu kwa safari ndefu. Walitua saa 8:10, wakatoka uhamiaji saa 9:20, wakapanda basi saa 10:00 kamili na kuteremka Gatwick saa 11:20. Ndege yao ilikuwa imeondoka robo saa iliyopita.

Walidai fidia, na majibu waliyopata yalikuwa ya haki kisheria ingawa yaliwauma. Shirika la kwanza liliuza safari ya kufika Heathrow, na likawafikisha Heathrow. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na ile ya Uingereza iliyorithiwa kutoka kwake, hutoa fidia ya pesa pale abiria anapofika mwisho wa safari yake kwa kuchelewa saa tatu au zaidi. Mwisho wa safari maana yake ni mji wa mwisho kwenye nafasi moja iliyonunuliwa pamoja. Kwa tiketi yao mwisho ulikuwa Heathrow, na ucheleweshaji haukufika hata saa mbili. Shirika la pili nalo halikuwa na kosa lolote: ndege yake iliondoka kwa wakati, na abiria wanne hawakutokea.

Ingekuwa tiketi moja hadi Roma, kazi ya kuwatafutia ndege nyingine ingekuwa ya shirika. Ndicho hasa unachonunua kwenye tiketi moja. Bei ya juu si ya kiti peke yake. Fidia ya fedha taslimu ni habari nyingine na haipatikani kila safari. Anayetoka nje ya Ulaya kwa shirika lisilo la Ulaya, kwa mfano, kanuni ya 261 haimgusi, lakini haki ya kufikishwa alikolipia anabaki nayo.

Wakanunua tiketi mpya nne za asubuhi na kulala karibu na Gatwick. Kwenye foleni ya asubuhi likazuka la mizigo. Shirika la kwanza liliwaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila mtu. La pili linauza uzito kwa begi, na wao walinunua mabegi mawili tu ya kilo 20 kwa familia nzima. Kwenye safari yenye tiketi zaidi ya moja, kipimo cha mizigo ni cha shirika lenye masharti makali kuliko yote, na unafunga kwa kipimo hicho ukiwa bado nyumbani. Begi la ziada hulipiwa ghali zaidi kaunta kuliko mtandaoni, na pale kaunta huna mahali pa kuliacha.

Jambo moja walilifanya vizuri sana. Kabla ya kutafuta kitanda, mke aliipigia simu hoteli ya Roma. Hoteli nyingi, mgeni asipoonekana usiku wa kwanza, humwandika kuwa hakutokea, na mfumo unaweza kufuta usiku zote zilizobaki na kukiuza chumba upya. Kwa nafasi isiyorudishwa, hiyo ni hasara ya siku nne kwa kosa la usiku mmoja. Alipiga saa moja usiku kwa saa za London, saa mbili kwa Roma, mapokezi yakiwa bado na mtu. Akataja namba ya nafasi, jina lililo kwenye pasipoti na saa mpya ya kufika, kisha akatuma maneno yale yale kwa maandishi ili yabaki ushahidi. Usiku mmoja ulipotea, mitatu ikaokolewa. Ujumbe kupitia tovuti ya wakala peke yake usingetosha, kwa kuwa mtu wa zamu ya usiku huenda asiufungue.

Tiketi za Makumbusho ya Vatican, zilizonunuliwa kwa saa maalumu asubuhi ya siku ya kwanza, zilipotea. Tiketi ya saa maalumu isiwekwe ndani ya saa 24 za kwanza baada ya ndege ya mabara. Na kabla ya kugawa siku, angalia siku za kufungwa: Vatican hufunga Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na jumba la sanaa la Uffizi, Florence, hufunga Jumatatu.

Uhamiaji wa Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, nao upewe muda wake. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo wa EES, unaosajili picha na alama za vidole za wageni badala ya muhuri. Watoto wa chini ya miaka 12 hupigwa picha tu. Wenye viza ya Schengen, kama familia hii, alama zao za vidole huwa tayari kwenye mfumo wa viza na hazihifadhiwi upya kwenye EES. Kutoka uwanjani treni ya Leonardo Express hufika stesheni ya Termini kwa dakika 32 bila kusimama. Kwa watu wanne wenye mabegi, hata hivyo, tungechagua teksi: ndani ya kuta za Aurelian, zinazozunguka mji wa kale wa Roma, nauli yake imewekwa na manispaa, na ni ya gari zima. Panda kwenye foleni rasmi, na uhakikishe kabla ya mlango kufungwa kwamba dereva anakubali nauli hiyo.

Florence, na gari ambalo halikuhitajika

Kati ya Roma na Florence hakuna mengi ya kusema. Treni ya mwendokasi huchukua kama saa moja na nusu, kutoka Termini hadi Santa Maria Novella, katikati hadi katikati. Kampuni ni mbili, Trenitalia na Italo, na tiketi ya moja haifai kwenye treni ya nyingine ingawa zinasimama stesheni zile zile. Tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida haibadilishwi wala kurudishwa, hivyo haifai kwa siku ya kutoka au kwenda uwanjani.

Walipanga nyumba ya watu binafsi, na hapo walikuwa makini. Tangazo la kwanza walilolipenda halikuwa na CIN, namba ya utambulisho ya kitaifa ya nyumba za watalii, na mwenyewe alitaka alipwe kwa benki nje ya tovuti. Tangu Januari 2025 nyumba za kupangishwa watalii nchini Italia zinatakiwa kuonyesha namba hiyo kwenye matangazo. Namba haihakikishi godoro zuri, lakini kukosekana kwake pamoja na ombi la malipo ya pembeni ni sababu tosha ya kufunga ukurasa. Wakahamia tangazo jingine.

Gari lilikodiwa la siku mbili, kuchukuliwa mjini. Mambo matatu yalikuwa yanasubiri. Kwanza, nafasi ilikuwa kwa jina la mume na kadi ilikuwa ya mke. Kampuni za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, iliyo na nafasi ya kuzuia amana, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa au hulazimisha kununua bima ya ziada palepale. Pili, leseni isiyo ya Ulaya lazima iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi. Kaunta inaweza kukukabidhi funguo bila kuuliza. Atakayeuliza ni polisi, na baada ya ajali ni kampuni ya bima. Tatu, na hili ndilo linalowapata wengi, katikati ya Florence ni eneo la ZTL, ambako magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi saa za amri. Hakuna kizuizi. Kuna kamera tu, na kila mara unapopita chini yake inaweza kuhesabiwa kosa jipya. Faini hufika miezi baadaye, baada ya kampuni ya gari kukata ada yake ya kutoa jina lako.

Walilifuta gari siku mbili kabla, ndani ya muda wa kufuta bila malipo. Pisa wakaenda kwa treni ya mkoa, kama saa moja. Siena wakachagua basi, na chaguo lilikuwa sahihi, kwa sababu stesheni ya treni ya Siena iko chini ya kilima na basi hukuacha karibu zaidi na mji wa kale. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa hugongwa kwenye mashine ya jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa huhesabika kama huna tiketi, hata kama umeilipia dakika tano zilizopita.

Venice na siku ya mwisho

Hoteli iliyoandikwa "Venice" ilikuwa Mestre, upande wa bara. Kiutawala ni kweli, maana Mestre ni sehemu ya manispaa ya Venice. Kwa familia yenye mabegi manne haikuwa mbaya hata kidogo: treni hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice yenyewe, ni kama dakika kumi, na unaepuka kubeba begi kwenye madaraja ya ngazi. Ubaya ni kutokujua kabla ya kulipa. Dawa ni kufungua ramani na kupima umbali wa kutembea hadi stesheni, kwa kuwa jina la mji kwenye tangazo haliahidi umbali wowote. Na kodi ya utalii, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa kawaida haimo kwenye bei ya mtandaoni, hulipwa hotelini. Mashine ya kadi ikikuuliza uchague sarafu, chagua euro.

Kosa kubwa la mwisho lilifanywa siku ile ya kwanza ya kununua tiketi. Kwa kuwa ndege ya kurudi iliondoka Roma saa 7 mchana, iliwabidi warudi kusini kwa treni ya karibu saa nne, kisha waende Fiumicino, kisha London, kisha tena Gatwick kwenda Heathrow. Maungio manne ndani ya siku moja. Na siku hiyo ulitangazwa mgomo wa reli, kuanzia saa tatu usiku wa siku iliyotangulia hadi saa tatu usiku.

Mgomo nchini Italia hauji ghafla. Sheria namba 146 ya mwaka 1990 inataka taarifa ya siku 10 angalau, na wizara ya uchukuzi huweka orodha ya migomo hadharani. Treni za mkoa zina saa zinazolindwa siku za kazi, saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 hadi 3 usiku, na za masafa marefu zina orodha yake ya treni zisizoguswa. Lakini treni ya Venice ya alfajiri, hata ingekuwa kwenye orodha, isingeacha nafasi ya kutosha kwa ndege ya saa saba. Waliondoka jana yake mchana, wakapoteza usiku wa mwisho uliokwisha lipiwa na kulala karibu na Fiumicino. Uamuzi ulikuwa sahihi. Uliwagharimu usiku mmoja wa hoteli, wakati kukosa ndege ya Gatwick kungewakosesha na ile ya mabara.

Safari hii hii, ikipangwa upya

Tungeanza na tiketi moja, namba moja ya nafasi, inayoingilia Roma na kutokea Venice. Kwenye tovuti za ndege huchaguliwa sehemu ya "miji mingi", na bei yake huwa karibu na ya kwenda na kurudi mji mmoja. Kupitia Istanbul, kwa mfano, zipo ndege za Roma na za Venice, mizigo hupitishwa moja kwa moja, na abiria anayebaki ndani ya eneo la kupita kwa kawaida hahitaji viza ya Uturuki. Hapo Uingereza inaondoka kwenye mpango pamoja na viza zake nne, basi la M25 na treni ya kurudi Roma.

Hoteli zingefuata, zote za kufutika bila malipo hadi viza itoke, na tarehe za mwisho za kufuta zikiandikwa kwenye kalenda kwa saa za Italia. Viza ikishatoka ndipo zibadilishwe ziwe za bei isiyorudishwa, na hapo tungeanza na Florence, kwa sababu iko katikati ya safari na haigusani na ndege yoyote. Treni baada ya hapo. Tiketi za makumbusho mwisho.

Ikiwa ni lazima kabisa kukata tiketi vipande viwili, lala usiku mmoja katikati, na uuingize usiku huo kwenye hesabu ya bei kabla ya kulinganisha.

Kisha tiketi ikaguliwe. Namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita inaonyesha kwamba kiti kimeshikwa, lakini haithibitishi kwamba tiketi imetolewa. Tafuta namba ya tiketi yenyewe, ambayo kwa mashirika mengi makubwa ni tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika. Ingia na namba ya nafasi kwenye tovuti ya shirika lenyewe, hasa kama ulinunua kwa wakala, na urudie kila baada ya wiki chache: ratiba hubadilika, na barua pepe ya mabadiliko huenda kwa wakala kwanza. Begi likichelewa au kuharibika, ripoti iandikwe kabla hujatoka ukumbi wa mizigo. Mkataba wa Montreal unampa abiria siku 7 kudai kwa maandishi uharibifu, na siku 21 tangu alipokabidhiwa begi kama lilichelewa.